Bunduki Ipumue

Saa nne na dakika kumi asubuhi Mto Namkonda ulikuwa mchanga mtupu. Kufika saa nne na robo ulikuwa maji, magogo na povu la rangi ya chai ya maziwa. Pikipiki ya Kassian ilikuwa imelala ubavu katikati yake, na Kassian mwenyewe alikuwa chini ya pikipiki.

Lawama zinawatosha wote watatu, kwa hiyo tuzigawe mapema tuendelee. Kassian, dereva wa bodaboda wa Nachingwea, aliliona wingu jeusi limekalia vilima vya juu mtoni tangu wanapita Mnero, akasema ile ni mvua ya watu wengine. Fundi Yasini, aliyebanwa katikati ya mshikaki ule wa watu watatu, ndiye aliyetaka wakate njia ya mtoni badala ya kuzunguka darajani. Alikuwa na haraka. Yasini ana haraka siku zote, hata akiwa hana pa kwenda. Na Bi Mwamina, mama wa miaka sitini na mitatu aliyekaa mwisho kabisa na bunduki ya upepo mgongoni, ndiye aliyewatoa mjini kwa ubishi.

Ubishi wenyewe ulihusu hiyo bunduki. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Ni ile ya kupampu: unavuta mkono ulio chini ya mtutu mara nane, upepo unajibana ndani, ukivuta kifyatulio kijinyundo kinagonga valvu, valvu inafunguka, upepo unatoka na risasi. Bi Mwamina alilindia nayo mtama na mpunga wake kule Matambarale dhidi ya ndege na ngedere. Mwaka ule aliofiwa, pampu ililegea, akaipeleka kwa Yasini, fundi wa baiskeli, wa mashine za kupulizia mikorosho na wa bunduki za upepo. Yasini alisifika mpaka Nandagala kwa jambo moja. Bunduki ikitoka mikononi mwake, inalia. Alikuwa akitia springi ngumu na kukaza kila kinachokazika, akitoka nje kuijaribu soko zima linageuka. Wateja walipenda sana.

Bi Mwamina hakupenda. Alirudi mara ya kwanza akasema, "Fundi, mimi nataka ipumue." Yasini alicheka. Kwa mafundi, kupumua ni ugonjwa. Tairi linalopumua linavuja, gasketi inayopumua imeungua. "Mama, bunduki ikipumua imekufa," alimwambia, akaikaza zaidi. Mama alirudi mara ya pili na neno lilelile, ikakazwa tena. Mara ya tatu, asubuhi hiyo, mama hakukaa hata kwenye benchi. "Twende shambani kwangu," alisema. "Uipige wewe, ngedere wakuone. Wakikimbia, sitasema tena."

Basi wakapanda.

Gurudumu la nyuma lilididimia katikati ya mto, kwenye mchanga uliokuwa umeanza kulowa kutoka chini. Kassian alizidisha mafuta, mchanga ukaruka, gurudumu likazama hadi kwenye mnyororo. Kisha wakasikia ngurumo. Yasini alidhani ni lori.

"Shukeni!" alipiga kelele Kassian. "Shukeni, shukeni!"

Maji yaliwafikia vifundoni, halafu magotini, bila kupita katikati. Bi Mwamina alikamata mkono wa Yasini wakaukimbilia mwamba uliotokeza hatua ishirini mbele, wenye tuta la mchanga nyuma yake na mkuyu mmoja mdogo. Kassian hakukimbia. Aliishika usukani pikipiki yake akiivuta, mpaka gogo la mninga lilipokuja na kumkandamiza yeye na pikipiki yake kwenye jiwe.

Alipiga ukelele mmoja tu. Yasini alirudi majini, na nisimpe sifa za bure: alirudi kwa sababu Bi Mwamina alikuwa tayari ameshatangulia. Mama alisukuma gogo kwa mgongo, fundi akavuta pikipiki, wakamburuta Kassian kwa makwapa hadi mwambani. Pikipiki nayo ilisukumwa na maji ikakwama pale pale pembeni, imelala ubavu, tangi likiwa juu ya maji.

Mguu wa kushoto wa Kassian ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi. Ngozi ilikuwa imechanika na damu inachuruzika.

"Usiutazame," alisema Bi Mwamina. "Nitazame mimi. Anaitwa nani baba yako?"

"Bonifasi... mama, unauma, Yesu wangu!"

"Bonifasi wa wapi?"

"Wa Mnero," alisema Kassian, na kabla hajamaliza kusema Mnero mama alikuwa ameunyoosha mguu. Kijana alizimia. Wakavunja matawi mawili ya mkuyu, wakayaweka huku na huku, wakafunga kwa vipande walivyovichana kwenye kitenge cha mama. Damu ilipungua, lakini haikukoma.

Kisiwa chao kilikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili na upana wa hatua tano. Yasini alitoa spoki ya baiskeli kwenye mkoba wake wa kazi, akaichomeka mchangani, pale maji yalipoishia. Alizunguka mkuyu mara moja, akarudi, spoki ikawa imesimama ndani ya maji. Akachomeka nyingine. Akazunguka tena.

"Kaa chini fundi," alisema Bi Mwamina. "Unatuchosha."

"Maji yanapanda, mama."

"Nayaona. Ukizunguka yanashuka?"

Hakukaa. Hakuweza. Upande wa Nachingwea walikotoka, mto ulikuwa mpana na wenye vurugu, hakuna wa kuthubutu. Upande wa Matambarale palikuwa na mkondo mmoja, hatua arobaini hivi, lakini ulikuwa unapita kwa kasi ya kubeba miti. Simu ya Yasini ilikunywa maji ikafa. Ya Kassian ilikwenda na mto. Ya Bi Mwamina, ile ndogo ya vitufe, ilikuwa kavu ndani ya mfuko wake wa nailoni, lakini huku mnara haufiki.

"Lete bunduki," alisema Yasini.

Alipampu mara nane, akaelekeza juu, akafyatua. Paa! Akapampu tena. Paa! Mara ya tatu mlio uligonga vilima ukarudi. Na kweli, baada ya muda mfupi vichwa vilianza kuchomoza juu ya ukingo wa pili, watu waliokuwa wakipalilia ufuta, na kati yao mwanamke mwenye mwavuli mwekundu. Alikuwa Swaumu, binti wa Bi Mwamina, aliyekuwa akimngoja mama yake tangu asubuhi.

"Umeona mama?" Yasini alishindwa kujizuia, hata pale, hata na maji yale. "Umeona mlio?"

"Nimeona," alisema Bi Mwamina.

Watu wa ng'ambo walikwenda mbio wakarudi na kamba ndefu ya kisima na madumu mawili ya maji. Walifunga jiwe kwenye kamba wakalirusha. Likaanguka nusu ya njia. Wakarusha tena na tena, kila mmoja akimpokonya mwenzake jiwe kwa kuamini ana mkono kuliko yeye. Kijana mmoja, Rashidy, alijifunga kamba kiunoni akaingia. Mto ulimchukua bila salamu. Wenzake walimvuta hatua mia moja kule chini, akatoka na paji la uso limepasuka, na baada ya hapo hakuna aliyevua shati.

Spoki ya nne ilizama. Kisiwa kilikuwa hatua nane. Kassian alizinduka akaomba maji ya kunywa, akacheka peke yake kwa alichokiomba, kisha midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Baridi, fundi. Noma sana."

Bi Mwamina alimfunika khanga yake moja. Alipoufungua mfuko wake wa safari kutafuta kingine cha kumfunika, Yasini aliona humo ndani vibunda vinne vya uzi mwembamba wa nailoni. Mama alivinunua sokoni avitandaze juu ya mpunga na kufunga makopo, ndege waogope. Yasini alikitwaa kimoja akakipima uzito mkononi. Ndipo miguu yake ilipotulia kwa mara ya kwanza tangu waingie mtoni.

"Mama," alisema, "huu uzi ukifika ng'ambo, wataufunga kwenye kamba. Sisi tutavuta uzi, na kamba itakuja."

"Na uzi utafikaje?"

Yasini aliitazama bunduki.

Alitoa spoki tatu ndefu kwenye mkoba wake wa kazi, akazilaza pamoja na kuzizungushia uzi mpaka zikaingia kwenye mtutu kwa kubana kidogo. Vichwa vyake vilivyopinda aliviacha nje, mbele ya mdomo wa mtutu, vifanye ndoana. Hapo mbele akafunga nailoni. Uzi wenyewe aliuzungusha kwa ulegevu ndani ya kofia ngumu ya Kassian, ili utoke bila kukwama. Akawapungia watu wa ng'ambo, akawaonyesha bunduki, kisha akainamisha kichwa kuwaonya. Walielewa kwamba atapiga. Wakainama, wengine wakaziba masikio.

Alipampu mara nane. Paa!

Mshale uliruka vizuri, lakini uliruka peke yake. Uzi ulikuwa umekatika palepale mdomoni mwa mtutu, umebaki ukining'inia kama unywele. Spoki tatu zilikwenda kuzama katikati ya mto.

"Imeshtua mno," alisema Yasini. Alifunga spoki nyingine tatu na kupampu mara nne tu. Safari hii uzi haukukatika. Mshale ulianguka hatua kumi na tano mbele yao, akauvuta polepole ukarudi. Mara tano, ulifika hatua kumi na saba. Mara sita, uzi ulikatika nusu, akauona unavyochanika akaufunga upya. Ikiwa na nguvu ya kufika, ilikata. Isipokata, haifiki.

Alivuta kifyatulio kwa hasira, bunduki ikiwa haijapampiwa tena.

Paa!

Alibaki ameishika, mdomo wazi. Bunduki iliyokwisha kupigwa ilikuwa imelia mara ya pili. Maana yake upepo ulikuwa umebaki ndani. Springi yake ngumu ilikuwa inaifunga valvu kabla upepo haujamaliza kutoka. Kishindo kilikuwa kikubwa na kazi ilikuwa nusu. Miaka mitatu alikuwa amemkabidhi mama huyu kelele na kumwambia ni nguvu.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alikaa chini, kwa hiari yake.

"Mama, marehemu alipokuwa akiipiga, ilikuwa inalia vipi?"

"Hailii," alisema Bi Mwamina. "Nina Swaumu mgongoni amelala, baba yake anapiga hapo karibu, mtoto haamki. Inafanya fuuu. Kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Nilikuambia ipumue. Mimi Kiswahili cha mafundi sikijui."

"Mimi sijawahi kuipiga kitu, mama," alisema Yasini. Ilimtoka kwa shida. "Naipiga hewani, nasikia mlio, nafurahi. Hata kopo sijawahi kulilenga nayo."

"Najua. Ngedere waliniambia."

Kassian alicheka, akauma meno kwa maumivu. "Fundi, ifungue basi. Unangoja nini?"

Alikuwa anangoja meza. Mchanga ulikuwa umejaa kila mahali, na chembe moja tu ikiingia kwenye valvu, biashara imekwisha. Bi Mwamina aliona anavyoangaza macho. Alikaa juu ya mwamba, akanyoosha miguu, akatandaza khanga ya pili mapajani. "Weka hapa," alisema.

Ndivyo ilivyofunguliwa, mapajani mwa mwenyewe. Yasini alisukuma pini ya kwanza kwa spoki, akachomoa pini ya pili, akaitoa pampu na kisha valvu. Harufu ya ufuta ilipanda. Alikuwa ameilainisha kwa mafuta ya ufuta, kama kila fundi wa huku anavyofanya, kwa kuwa ufuta tunao na unanukia vizuri. Lakini mafuta yale yalikuwa yameganda ndani na kuwa gundi ya kahawia. Valvu ilikuwa inanata, kisha inabanduka kwa nguvu. Hapo ndipo kishtuko kilipotoka.

"Petroli," alisema.

Aliingia majini hadi kiunoni, akaifikia pikipiki, akachomoa mpira wa mafuta na kukinga petroli kwa kifuniko cha kopo alilokuwa nalo mkobani. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi mwambani pale pikipiki ilipotikisika, ikajigeuza, ikaondoka na mto taratibu kama iliyowashwa.

Kassian aliitazama mpaka ilipopotea. "Nenda tu," aliiambia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali nani anamwona.

Yasini aliosha valvu kwa petroli, akaisugua uso wake kwa kipande cha msasa kilichokwisha makali, akizungusha, akizungusha, mpaka ikaanza kung'aa pande zote sawa. Akaipuliza na kuinusa, akaipuliza tena, maana petroli ikibaki ndani ya upepo uliobanwa inaweza kulipuka. Mikono yake iliyozoea kufanya kila kitu mbiombio ilikuwa inataka kukimbia, naye akawa anaizuia.

"Mafuta ya kupaka unayo, mama?"

"Ya mgando yapo. Chukua mfukoni."

Alipaka washa ya ngozi ya pampu, ile pete inayobana upepo, mafuta yale, akiikanda kwa kidole gumba hadi ikalainika na mdomo wake ukafunguka. Kisha akaishika ile springi ngumu ya valvu. Ilikuwa fahari yake. Aliiweka pembeni.

"Nataka springi laini. Laini sana. Upepo wenyewe ndio utakaoifunga valvu, springi inatakiwa kuisaidia tu."

"Laini kama nini?"

Alifikiri. "Kama ya kalamu."

Bi Mwamina alicheka kwa pua. Mfukoni mwake zilikuwepo kalamu sita za wajukuu, zile za kubofya. Yasini alivunja ya kwanza kwa meno. Springi ilikuwa ndefu, akaikata kwa koleo, akaipima, akaikata tena. Nyuma ya springi ya nyundo alikuta washa mbili za chuma alizoziongeza mwenyewe ili igonge kwa nguvu. Akazitoa zote mbili.

"Fundi," alisema Kassian kwa sauti ndogo, "maji."

Maji yalikuwa yamefika kwenye visigino vya Bi Mwamina. Yasini aliinua kichwa.

"Usisimame mama!"

"Sijasimama. Fanya kazi yako."

Alirudisha valvu. Alirudisha pampu. Maji yalipanda kwenye vifundo vya mama, yakapita juu ya miguu yake, naye hakutikisa hata kidole, maana pini zote mbili zilikuwa zimelala kwenye kunjo la khanga. Ya kwanza iliingia. Ya pili iliteleza kwenye vidole vyenye mafuta, ikagonga goti la mama, ikaruka. Kassian alinyoosha mkono akaidaka kwenye kiganja chake chenye damu.

"Ya Rabi," alisema Bi Mwamina, na hilo ndilo neno la woga pekee lililomtoka siku ile.

Pini iliingia. Wakamnyanyua Kassian, wakamwegemeza kwenye shina la mkuyu, mahali pa mwisho palipokuwa pakavu. Mama aliikumbatia ile kofia yenye uzi kifuani. Yasini alipampu, na mkono wa pampu ulikuja laini, bila ule mkwaruzo aliouzoea. Moja. Mbili. Alipofika nane alisimama, akaelekeza juu kidogo ya mwavuli mwekundu, akavuta.

Fuuu.

Alidhani imemfia mikononi. Kisha akaona uzi unavyochomoka ndani ya kofia, duara baada ya duara, haraka na bila kukwama, na mshale ukapita juu ya mkondo, ukapita juu ya ukingo, ukapita juu ya vichwa vya watu, ukazama ndani ya ufuta.

Ng'ambo hakuna aliyejitingisha. Walikuwa wameinama wote, vidole masikioni, wanangoja mlio.

"Umefika!" alipiga kelele Yasini. "Shikeni! Nyuma yenu!"

Mto ulimeza sauti yake. Mtu mmoja aliinua kichwa, akaona bunduki bado imeelekezwa kwao, akainama tena. Wale walikuwa wamefundishwa na nani kwamba bunduki ya Yasini lazima ilie? Yeye mwenyewe. Alijitesa hivyo kwa muda wa pumzi mbili, na uzi ulikuwa unavutwa na maji, tumbo lake likianza kugusa mkondo, ndoana zikiachia ufuta mmoja mmoja.

"Usiuache ulale," alisema Bi Mwamina. "Uinue."

Yasini alipanda tawi la mkuyu, akauinua uzi juu kadiri mkono ulivyofika, ukakaza, ukatoka majini. Akaupiga kwa kidole. Uzi wote ulitetemeka, na matone yaliyokuwa yameushika yakaruka hewani kwa mstari mmoja, kutoka kisiwani hadi ukingoni. Akaupiga tena.

Swaumu aliuteremsha mwavuli. Aliyafuata matone kwa macho, kutoka kwa mama yake hadi kwake, akageuka, akaanza kukimbia ndani ya ufuta huku ameshika hewa kwa mikono miwili.

Sehemu iliyobaki ni kazi ya mikono. Uzi ulileta uzi uliosokotwa mara nne, huo ukaleta kamba ya kisima, na kamba ikaja na madumu mawili matupu yaliyofungwa vifuniko. Waliifunga kamba shinani mwa mkuyu, wakamfunga Kassian kati ya madumu. Alikwenda akiwa chali, mguu wake wenye matawi ukielea, akimtaja Mama Maria kwa kila wimbi, akafika. Madumu yakarudi. Bi Mwamina aliifunga khanga yake vizuri kwanza, kwa kuwa ng'ambo kulikuwa na wanaume, kisha akaingia bila kuaga.

Yasini alibaki peke yake na maji kiunoni. Mkuyu ulikuwa unaegama. Alifungua kamba shinani akajifunga mwenyewe, bunduki mgongoni, na hakungoja madumu. Aliporuka mto ulimgeuza, ukamnywesha mchanga, ukampiga bega kwenye kitu asichokijua mpaka leo. Alipofungua macho alikuwa amelala juu ya nyasi, na watu kumi wamemshika kana kwamba bado anaweza kuondoka. Nyuma yake mkuyu ulilala majini na kuanza safari.

Walimlaza Kassian juu ya kitanda cha kamba, vijana sita wakakibeba mbio kuelekea kituo cha afya, Rashidy na kitambaa chake cha damu kichwani akiwa mbele kabisa. Mguu ule ulipona, ingawa Kassian husema ukitaka kunyesha unamwambia siku moja kabla, na sasa anauamini kuliko alivyowahi kuliamini wingu.

Yasini alikuwa bado amekaa kwenye nyasi. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Bi Mwamina alikuja akaichukua bunduki mgongoni mwake, akaifuta kwa ncha ya khanga iliyolowa kuliko bunduki yenyewe. Akapampu mara nane, watu wakasogea nyuma na kuziba masikio. Akaelekeza juu, mtoni.

Fuuu.

Uso wa mama ulibadilika. Alisimama pale, mdomo umefunguka kidogo, akisikiliza sauti iliyokwisha kupita. Tangu azike mumewe alikuwa hajaisikia. Alimgeukia Yasini akamshika begani, bega lile lile lililogongwa, na Yasini hakuonyesha kwamba linauma. Alikuwa analia, mtu mzima, mbele ya wakulima wa ufuta.

"Samahani, mama," alisema. "Mara tatu uliniambia."

Mzee mmoja aliyekuwa pembeni alitoa vidole masikioni, akaitazama bunduki kwa huruma.

"Vipi fundi," aliuliza, "imekataa?"

"Hapana, mzee," alisema Yasini. "Imepumua."